Mistari ya Haruna

Nakumbuka asubuhi moja bandarini, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo na ameshaacha kununa. Siku ya harusi nilikuwa na usingizi na viatu vilinibana. Asubuhi ile sikuwa na usingizi hata chembe. Nilikuwa nimesimama kwenye gati, baba yangu mzazi yuko mbele yangu, na juu yake mzigo wa nondo unapanda taratibu kutoka tumboni mwa meli iliyotoka Kigoma. Katika watu wote waliokuwa pale, mimi peke yangu nilijua kwamba kreni ile inadanganya.

Nakusimulia kwa sababu jana ulikuja hapa kwangu na kompyuta yako, ukaiweka juu ya meza yangu bila kuomba ruhusa, kama kawaida yako, ukanionyesha kiendeshi ulichopewa ukirahisishe. Ukasema, "Mama, hii sehemu haitumiki tena, lakini naogopa kuitoa. Nitaizima tu." Nikanyamaza, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilishikwa na baridi, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, na nusura yanifanye yatima.

Basi kaa vizuri. Chai ipo kwenye chupa, jimiminie mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mdomo mrefu, nimetoka shule na cheti changu nikidhani dunia nzima inanisubiri. Nilifanya kazi katika atelier, karakana ndogo kule Buyenzi, katikati ya mafundi wa magari. Wao walitengeneza injini, sisi tulitengeneza vipimo: mizani za maduka, vipimo vya mafuta, chochote chenye waya na namba. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Salum, mtu mpole, mwenye kuogopa kumuudhi binadamu yeyote. Na mwalimu wangu alikuwa Haruna. Kila kitu nilichokijua kwa vitendo, Haruna ndiye aliyenifundisha, na hakunifundisha kwa kunibembeleza. Nikiandika upuuzi alikuwa anacheka kwa sauti mpaka mafundi wa jirani wanakuja kuuliza kuna nini.

Haruna ndiye aliyeandika kiendeshi cha kreni ya bandari. Unajua kiendeshi ni nini, lakini nakieleza kwa ajili ya huyo mdogo wako anayejifanya hasikilizi. Ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa. Kifaa kinasema kwa lugha yake, kompyuta haielewi, kiendeshi kinatafsiri. Sisi hapa Bujumbura tunasema pilote, kwa Kifaransa, na hakuna aliyewahi kupotea. Juu ya ndoano ya kreni ile kulikuwa na kipimo cha uzito. Kiendeshi cha Haruna kilisoma kipimo, kikaandika kilo kwenye kioo mbele ya mwendeshaji, na mzigo ukizidi nguvu za kreni, kilipiga king'ora. Ni hivyo tu. Lakini wapakuzi wa bandari walikipenda king'ora kile kama mtu wa ukoo wao.

Tena walikuwa wamejizoesha jambo ambalo Haruna hakulipanga. Hawakupima mzigo kabla ya kuufunga. Walifunga mafungu mawili, wakainua kidogo. King'ora kimya? Wanashusha, wanaongeza fungu. Kimya? Wanaongeza lingine. Kikilia, wanatoa fungu moja, wanacheka, mzigo unakwenda. Kwa hiyo kila mzigo wa bandari ile ulikuwa unafika ukingoni kabisa mwa nguvu za kreni, na kilichowazuia wasivuke ukingo ni sauti ile peke yake. Baba yangu, Mzee Yasini, alikuwa ndiye mwenye kutoa ishara za mikono kwa mwendeshaji. Alikuwa anasema anajua kukisikia kile king'ora hata kabla hakijalia.

Halafu Haruna akafa. Homa ilimshika, tukaambiwa ni malaria, tukaambiwa si malaria, na kabla hatujajua ni nini tukawa tunamsindikiza makaburini. Hakuwa ameoa. Alimwacha mama yake peke yake katika nyumba yao ya Nyakabiga, mama mwenye mtoto mmoja, na sasa hana. Sitasema mengi hapo. Kuna mambo nikiyasema naharibu chai yangu.

Siku ya khitma ya arobaini, mama yake aligawa vitu vyake. Baba yangu alipewa koti la kazi la Haruna, la buluu, lenye mifuko mikubwa, kwa sababu walikuwa wakielewana sana pale bandarini. Baba alilivaa kuanzia kesho yake na hakulivua tena, hata jua likichoma.

Baada ya hapo bandari ikabadilisha kipimo. Kile cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu. Wakaleta kipya, na Bwana Salum akanipa kazi ya kukifanya kiendeshi kikielewe kipimo kipya na, maadam nimekwisha kukifungua, nikirahisishe chote. Kilikuwa kimekuwa kirefu sana. Kulikuwa na mistari ya kuhudumia mashine ya kuchapisha risiti ambayo bandari haikuinunua kamwe. Kulikuwa na mistari ya taa iliyong'olewa zamani. Hiyo niliifagia bila huruma, maana mingi nilikuwa nimeiandika mimi au Bwana Salum. Ukifuta upuuzi wako mwenyewe unajisikia umeoga.

Kisha nikafika kwenye sehemu ya kipimo cha zamani. Kipimo hicho hakipo tena, kimetupwa, sehemu haina kazi. Nikaweka mkono juu ya kibodi nifute. Nikaona mstari wa juu kabisa, ambao Haruna alikuwa anauandika kila anapoanza kazi mpya, maneno ya kawaida ambayo mashine huyaruka: *Bismillahi. Kazi ya Haruna, Nyakabiga.*

Nikamwita Bwana Salum. Akaja, akasoma, akavua kofia yake akaivaa tena.

"Hadija, apana," akasema. "Hapo usiguse."

"Chef, ile kipimo haiko tena. Walitoa, walitupa."

"Najua haiko. Lakini unaona maneno gani hapo juu? Ni Bismillah. We utafuta Bismillah ya mutu mwenye alikufa, na mama yake angali analia? Nani ataenda kumuambia?"

"Hakuna mutu wa kumuambia, chef. Ni mistari tu."

"Basi ilaze tu, iache ikae. Haikuli chakula ya mutu."

Nami, mwanangu, na mdomo wangu wote ule, nikakubali. Nikijichunguza leo, nakuta sikumkubalia kwa sababu yeye ni mkubwa wangu. Nilikubali kwa sababu hata mimi sikutaka kuwa mtu wa kumfuta Haruna. Nikasema, sawa, nitaizima tu. Nikaweka swichi ndani ya programu: kompyuta ikiwaka inatazama mahali fulani imeandikiwa kipimo gani kinatumika. Ikikuta "kipya", inapita njia mpya. Ikikuta hakuna kitu, inarudi njia ya mwanzo, ya Haruna, kama alivyoiandika yeye zamani wakati kipimo kilikuwa kimoja na hapakuwa na haja ya kuchagua. Hakukosea. Mimi ndiye niliyeugeuza mlango wa nyumba yake kuwa shimo.

Nisikilize hapa, ndipo penyewe. Kipimo cha zamani kilihesabu kwa nusu kilo. Kipya kinahesabu kwa kilo nzima. Sasa mpe mtafsiri wa zamani maneno ya kipimo kipya. Kipimo kinasema elfu nne, kikimaanisha kilo elfu nne. Njia ya Haruna inasikia nusu kilo elfu nne, inaandika kilo elfu mbili. Mzigo mzima unaonekana nusu. Na king'ora kinangoja hiyo nusu ifike kwenye kikomo.

Tulipokifunga bandarini kilifanya kazi vizuri. Tukapongezana, tukanywa soda.

Asubuhi niliyokutajia, Bwana Salum alinituma bandarini kuangalia nyaya za kipimo, kazi ndogo tu. Nilifika umeme umekatika. Wewe unaijua Bujumbura, umeme unakatika hata ukiwa umeulipia. Groupe, yaani jenereta ya bandari, ikawashwa, ikaanza kunguruma, kreni ikaamka, na kompyuta yake ikaamka pamoja nayo. Sikuwaza lolote. Nilikuwa natafuta kivuli.

Meli ilikuwa imeleta nondo. Wapakuzi walikuwa chini tumboni mwa meli, wakifunga mafungu. Baba alikuwa ukingoni mwa gati, na koti la Haruna mwilini, anatoa ishara. Juu kwenye kibanda cha kreni alikuwepo Deo, kijana wa Gihosha, mtaratibu, aliyefundishwa kutazama mikono ya mtu mmoja tu, mikono ya baba yangu. Watu wengine wangeweza kucheza ngoma pale chini, Deo asingewaona.

Wakainua mafungu mawili. Kimya. Wakashusha, wakaongeza. Kimya. Wakaongeza tena.

"Leo kreni imeamuka na nguvu!" baba akaniambia akicheka, maana aliniona nimekuja. "Ongeza ingine!"

Nikacheka na mimi. Kisha nikaacha kucheka. Nilikuwa nimeyaona mafungu kama yale wiki iliyotangulia, na nilijua king'ora kilikuwa kikilia mapema kuliko hapo. Nikaitazama groupe inanguruma. Nikakumbuka umeme umekatika ghafla. Nikajiuliza ile alama yangu, ile niliyoandika "kipya", ingekuwa imebaki wapi kama kompyuta imezimwa bila kuagwa. Kama imefutika, basi kompyuta imeamkia njia ya Haruna, na mzigo mzima unaonekana nusu. Mzigo ulikuwa umeshaanza kupanda, na safari hii hawakuuinua kidogo, walikuwa wanaupeleka.

"Baba! Simamisha!" nikapiga kelele. "Uzito imepita!"

Baba hakugeuka. "We unajua aje? King'ora haiyalia."

"Baba, nakuomba, simamisha!"

"Hadija, niache nifanye kazi. Hii king'ora iko ya Haruna. Haruna hakunidanganya hata siku moja."

Mwanangu, nilikuwa na njia nyingi za kusema. Ningeweza kusema umeme, ningeweza kusema mashine imeharibika, ningeweza kuisingizia groupe. Lakini nilimjua baba. Angeniambia ngoja tumalize huu mmoja. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo lingemtoa kwenye imani yake kwa Haruna.

"Baba, leo inadanganya," nikasema. "Si Haruna. Mi ndio nilifanya idanganye."

Hapo akageuka. Alinitazama usoni. Kisha akainua mikono yake yote miwili na kuipishanisha juu ya kichwa, na mzigo ukasimama hewani.

Ungedhani yamekwisha. Yalikuwa hayajaanza. Mzigo ulikuwa unaning'inia juu ya tumbo la meli, na chini yake kuna watu. Kamba ya chuma iliyoushika ikaanza kutoa sauti, uzi mmoja ukakatika, paa! Kisha mwingine. Baba akawaambia walio chini watoke, kwa sauti ya mtu anayeita wageni chakulani, bila haraka, ili wasikanyagane. Wakapanda ngazi mmoja mmoja. Nikamshika mkono wa koti nikamvuta. Nikamwambia toka, baba, toka hapo. Akanisukuma kwa kiwiko.

"Nikitoka, Deo ataangalia nani?" akasema. "Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, kurudi nyuma na kumwacha baba yangu amesimama pale. Mtu wa mwisho alipotoka tumboni, baba alianza kushusha mkono wake, taratibu, na Deo akashusha mzigo kufuata mkono ule. Ukashuka. Ukashuka. Ulikuwa umebakiza kimo cha mtoto kufika chini wakati kamba ilipokatika. Nondo zikaanguka kwa kishindo, zikaruka, zikatawanyika kila upande, na mojawapo ikachomoka kama mshale ikapita ubavuni mwa baba. Akaanguka chali.

Sikumbuki nilivyofika alipo. Nakumbuka tu nilikuwa napiga magoti na kupapasa. Mkono wa koti ulikuwa umechanika kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, na ndani yake mkwaruzo unavuja damu kidogo. Hakuna kingine. Baba alikaa kitako, akautazama mkono wa koti, akasema maneno ambayo sikuyategemea.

"Sasa nitamuambia nini Mama Haruna? Nimepasua koti ya mutoto wake."

Nikalia mpaka wapakuzi wakaona haya kunitazama.

Kwetu, mtu akikupa nguo ya marehemu wake, nguo ile ni amana. Ikichanika huendi kwa fundi kimyakimya. Unaipeleka kwanza kwa aliyekupa, aione, akwambie la kufanya. Baba hakuwa na uwezo wa kutembea siku ile, miguu ilimlegea baadaye, kama inavyokuwa hatari ikishapita. Akanituma mimi. Bwana Salum naye alikuwa amefika, uso umemparara kwa hofu, akasema tutakwenda wote. Deo alikuwa amekwisha kuambiwa kreni isiguswe. Nikachukua koti, nikachukua na kompyuta ya kubeba, maana sikutaka kuiacha mbali na macho yangu, tukaenda Nyakabiga.

Tulimkuta Mama Haruna kibarazani anachagua mchele. Tukamsalimu, salaam aleikum, akaitikia, akatukaribisha mkekani. Bwana Salum akaanza kuzunguka mbuyu: kazi ni nyingi, umeme unasumbua, mambo ya bandari unayajua mama. Mama Haruna alikuwa analitazama koti mapajani mwangu.

"Salum, nyamaza kidogo," akasema. "Hadija, sema we."

Nikasema yote. Kipimo cha zamani, kipimo kipya, mstari wa Bismillah, swichi yangu, nondo, baba. Nikamwambia tuliiacha ile sehemu kwa heshima ya Haruna, na kwa kumuogopea yeye, asiumie. Alisikiliza bila kuukatiza mkono wake kwenye mchele. Nilipomaliza, akauweka ungo kando.

"Koti nilimupa baba yako afanye nayo kazi," akasema. "Sikumupa afie mo ndani."

Akatugeukia wote wawili.

"Munasema muliniogopea mi. Nani aliniuliza? Siku ya arobaini niligawa nguo yake yote kwa mukono yangu, mashati, viatu, mpaka saa yake. Mulikaa hapa, mukakula pilau yangu, mukaona. Kitu gani nilikatala kutoa?"

"Mama, ilikuwa ni Bismillah," Bwana Salum akasema. "Nilishindwa kufuta Bismillah."

"Nisomee."

Nikafungua kompyuta, nikamsomea ule mstari mmoja. Bismillahi. Kazi ya Haruna, Nyakabiga. Alifumba macho niliposoma jina. Midomo yake ikacheza. Nikadhani sasa atalia, na kwamba Bwana Salum alikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini alipofumbua macho alikuwa amekasirika, mwanangu. Sijamwona tena mama wa Kiislamu wa makamo yale akikasirika kimya namna ile.

"Bismillah mutu anasema wakati gani?"

"Wakati anaanza kazi, mama."

"Na akimaliza anasema nini?"

"Alhamdulillah."

"Haya. Mutoto yangu alianza hii kazi, aliisema Bismillah yake. Kazi ikaisha, kipimo wakatoa, wakatupa. Nani alimusemea Alhamdulillah? Mulimuacha amesimama hapo mulangoni. Mashine ikiita, anaitika. Ikiita, anaitika. Leo mukamuitisha juu ya kichwa ya baba ya mutu! Haruna alikuwa mutu wa kuua baba ya mutu?"

"Apana, mama."

"Basi mumupumzishe."

Kuku alipita akadonoa mchele ulioanguka, hakuna aliyemfukuza. Kisha Mama Haruna akauliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mama, "Kuna kazi yake ingine mo ndani, yenye ingali inafanya?"

Nikamwambia ipo. King'ora ni chake. Hesabu ya kikomo ni yake, na hata subira fulani ndogo aliyoiweka kabla ya kusoma uzito, ambayo mimi nilitaka kuiondoa nikidhani haina maana, kumbe inangoja mzigo utulie usiyumbe. Hiyo niliijaribu kwanza mezani, nikaona faida yake, nikaiacha.

"Hiyo acha ifanye kazi," akasema. "Hii ingine toa. Toa sasa, mi niko naona."

Nikaichagua sehemu yote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na swichi yangu ya uoga. Nikamtazama Mama Haruna, naye akaninyanyulia kidevu, endelea. Nikabonyeza. Ile sehemu ikaondoka, na iliyokuwa chini yake ikapanda juu ikajaza nafasi, kama kwamba hapakuwa na kitu.

"Alhamdulillah," akasema Mama Haruna.

Ndipo akalia. Alilia vizuri, kwa raha, kama mtu aliyekuwa anangojea ruhusa, na Bwana Salum akalia, nami nikalia mara ya pili siku ile. Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akavuta lile koti, akaenda ndani kuleta sindano na uzi wa buluu, akaanza kulishona palepale.

Hatukwenda nyumbani. Tulirudi atelier tukakijaribu kiendeshi kipya. Tulikata umeme makusudi, ghafla, tena na tena, tukawasha, tukakipa uzito mkubwa, na kila mara king'ora kililia mpaka mafundi wa magari wakatutukana. Kulipokucha tulikipeleka bandarini. Bwana Salum alimwomba baba msamaha mbele ya wapakuzi wote, na hilo kwa mtu mwoga kama yeye si dogo. Baba alilivaa koti lile, na mshono wake begani, hadi alipostaafu.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na naomba usiichukue nusu.

Usione kitu hakitumiki ukakimbilia kukifuta. Kwanza kijue. Uliza kiliwekwa kwa nini, uliza kama aliyekiweka yupo, kijaribu mezani, kata umeme uone kinarudi vipi. Ukikuta kina kazi ambayo hukuielewa, kiache na umshukuru aliyekiandika. Hiyo ni nusu ya kwanza, na nyinyi vijana wa leo mmefundishwa vizuri, wengi wenu mnaijua.

Nusu ya pili ndiyo inayowashinda, na ilinishinda mimi. Ukishahakikisha kwamba kazi yake imekwisha, kitoe. Usikizime, usikilaze, usikifunike na swichi ukajiambia siku moja mtu mwingine atakuja kuamua. Huyo mtu mwingine hatakuja. Atakayekuja ni umeme kukatika. Nakala ya zamani ipo kwenye hifadhi, hakuna kinachopotea, ukitaka kuikumbuka nenda kaisome huko. Lakini kwenye mashine inayoinua mizigo juu ya vichwa vya watu, acha kile kinachofanya kazi peke yake.

Tena usimfiche mtu uamuzi kwa kisingizio cha kumwonea huruma. Sisi tulimwogopa mama mmoja kiasi cha kutomuuliza swali moja, kumbe yeye ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Kumheshimu mwenzako ni kumaliza vizuri alichokianza. Kumwacha amesimama mlangoni hakumfai yeye, wala hakumfai anayepita chini.

Na ukiwa umekosea na mzigo uko hewani, sema "ni mimi" haraka. Baba yangu asingenisikia kwa neno lingine lolote.

Haya, chukua kompyuta yako, nenda ukaifanye kazi. Mungu akupe Bismillah nyingi, akupe kazi zinazosimama baada yako, akuepushe na damu ya mtu. Na siku ambayo mistari yako mwenyewe itakuwa imemaliza kazi yake, akupatie kijana mwenye mkono usiotetemeka wa kuifuta, na karibu yake mtu anayekupenda, aseme Alhamdulillah.